Msanii "Aliyegeuza Maumivu Kuwa Sanaa": Ni Nini Hasa Kinachogeuka?

Msanii mwenye maradhi ya muda mrefu akifanya onyesho, tangazo lake halikosi sentensi hii: amegeuza maumivu yake kuwa muziki na vitambaa. Inasomeka vizuri, lakini ukiwasikiliza watu wakiijadili utaona kila mmoja ameelewa lake. Yupo anayedhani msanii keshapona, maana kitu kikishageuzwa hakipo tena. Yupo anayetilia shaka: mwenye maumivu makali anawezaje kukaa na sindano jioni nzima? Na yupo, hasa akisikia habari za vihisio na waya, anayeamini kuna mashine inayochota maumivu mwilini na kutema wimbo upande wa pili.

Kila mmoja kati ya hao ameshika kipande cha jambo lenyewe. Tatizo ni kwamba sentensi moja imebebeshwa mambo matatu tofauti, na hakuna anayejisumbua kuyatenganisha.

Tuanze na majina. Msanii wa fani nyingi si yule anayejua kila kitu. Ni yule ambaye kazi yake moja hupita katika ufundi zaidi ya mmoja, kiasi kwamba ukiondoa upande mmoja kazi inachechemea: kitambaa kina sauti yake, na sauti ina kitambaa chake. Sanaa ya nyuzi ni chochote kinachotengenezwa kwa uzi, iwe kufuma, kudarizi, kusuka, kroshia au kuunga viraka, pale lengo linapokuwa kusema jambo kuliko kuvaa au kujifunika. Na maumivu? Hapo ndipo pagumu.

Maumivu si jeraha

Wengi tunadhani maumivu ni kipimo cha uharibifu: jeraha kubwa, maumivu makubwa. Wataalamu waliachana na hesabu hiyo zamani. Shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu lilitoa tafsiri rasmi mwaka 1979 na kuirekebisha mwaka 2020. Kwa maneno mepesi, inasema maumivu ni hali isiyopendeza, ya hisi na ya moyo kwa pamoja, inayoambatana na madhara ya mwili au kufanana na ile inayoambatana na madhara hayo. Zingatia "kufanana". Maana yake maumivu yanaweza kuwapo, ya kweli kabisa, bila kidonda kinachoonekana. Maelezo yaliyoambatana na marekebisho hayo yanaongeza kwamba kusema kwa mdomo ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu. Kwa mada yetu, sentensi hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi za ufunguzi wa maonyesho.

Mwilini mambo huenda hivi. Neva za maumivu zipo za aina mbili kuu. Moja imevikwa utando wa mafuta na husafirisha taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyingine haina utando, nayo hutambaa kwa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Ndiyo sababu ukijikwaa kidole cha mguu kwanza unapata mchomo mkali unaojua hasa ulipo, halafu, baada ya kama sekunde moja, linafuata wimbi zito linalosambaa na kukaa. Mwanamuziki yeyote atakwambia hayo ni mapigo mawili yenye nafasi katikati. Maumivu yana mdundo wake kabla msanii hajayagusa. Hata dodoso maarufu la maumivu lililotolewa Kanada mwaka 1975, lenye maneno 78 katika makundi 20, linamtaka mgonjwa aseme maumivu yake yanakwendaje kwa wakati: ni ya mfululizo, ya kuja na kuondoka, au ya mara moja na kwisha.

Taarifa ikifika kwenye uti wa mgongo haipandi moja kwa moja hadi ubongoni. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba pale uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango. Mguso wa kawaida, kama kusugua mahali palipoumia, unaweza kulibana. Na ubongo wenyewe, kwa hofu, umakini au matarajio, unaweza kulifungua zaidi au kulifunga. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki: kati ya mwili na akili kuna majadiliano, na anayeumia ana sauti ndani yake, ingawa ni ndogo.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Hapa mara nyingi mfumo wa neva huwa umebadilika. Ni sawa na mbwa wa mlinzi ambaye nyumba yake iliwahi kuvunjwa: mwizi ameshafungwa, lakini mbwa sasa anabwekea hata majani yakianguka. Mbwa haigizi. Kelele ni za kweli, usingizi unaokatika ni wa kweli, ila ukitoka na tochi huoni mtu. Wasanii wengi wanaozungumziwa katika matangazo yale wanaishi na mbwa huyo.

Mambo matatu katika sentensi moja

Jambo la kwanza ni maumivu kuwa *habari* ya kazi. Msanii anayasimulia, awe yanamuuma sasa, yaliwahi kumuuma, au ni ya mtu mwingine. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa mwaka 1725, Ufaransa. Mtunzi Marin Marais alichapisha kitabu chake cha tano cha vipande vya viola da gamba, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde ikiwa imebanwa katikati ya magoti. Ndani yake mna kipande kifupi kuhusu upasuaji wa kutoa jiwe katika kibofu cha mkojo. Nusukaputi haikuwapo, etha ilikuja kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Mgonjwa alipasuliwa macho makavu.

Marais hakutaka msikilizaji abahatishe, hivyo aliandika juu ya noti kinachotendeka. Mgonjwa anaona vifaa. Anatetemeka. Anajikaza apande. Anawaza mawazo mazito. Nyuzi za hariri zinazungushwa mikononi na miguuni mwake ili asifurukute. Kisu kinapita. Koleo linaingia. Jiwe linavutwa. Hapa, anaandika, sauti karibu ipotee. Damu inachuruzika. Hariri zinafunguliwa. Mgonjwa anapelekwa kitandani. Baada ya hapo vinafuata vipande vya uchangamfu, vya mtu aliyeinuka.

Hesabu maelezo hayo uone kisu kimepewa sehemu gani: mstari mmoja. Sehemu kubwa ya mengine ni hofu ya kabla na tulizo la baada. Mtu aliye ndani ya maumivu makali hana kabla wala baada. Ana sasa tu, na sasa hiyo haina mwisho. Muziki, kwa kuwa lazima uanze na lazima uishe, unayapa maumivu mipaka ambayo yenyewe hayana. Na ile hariri, sijui kama Marais aliiweka kwa makusudi yoyote zaidi ya ukweli wa chumba cha upasuaji, lakini ndiyo kitu pekee laini katika orodha nzima, na kazi yake ni kufunga.

Usidhani lakini kwamba msanii hunakili. Bedřich Smetana, mtunzi wa Kicheki, alipoteza usikivu mwaka 1874, na masikioni mwake kukabaki mlio usiokoma. Miaka miwili baadaye aliandika utunzi wa ala nne za nyuzi kuhusu maisha yake. Katika sehemu ya mwisho, dansi ikiwa imepamba moto, muziki unasimama ghafla na fidla ya kwanza inashika noti moja ya E, juu kabisa, ndefu, huku wenzake wakitetemesha nyuzi chini yake. Smetana mwenyewe alieleza kwamba sikioni alisikia sauti kadhaa za juu kwa pamoja, si moja. Kwenye karatasi akachagua moja. Angetuwekea alichosikia hasa, pengine tungekisikia kama mlio mzuri wa filimbi. Ile noti moja, peke yake, ndiyo inayotufikishia balaa lenyewe.

Jambo la pili ni maumivu kuwa *mpaka*. Hapa kazi haizungumzii maumivu hata kidogo, lakini mwili ulioumia umeamua itengenezwe vipi. Mpiga gitaa Django Reinhardt aliungua mwaka 1928 moto ulipowaka katika gari la kukokotwa alimoishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikurudi kazini sawasawa. Alijifunza upya kupiga melodi kwa vidole viwili vilivyobaki, na ufundi huo umeigwa na wenye vidole vyote. Mpiga gitaa mwingine, Tony Iommi wa Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham mwaka 1965. Akayeyusha plastiki ya chupa, akatengeneza vikofia vya vidole, akavivika ngozi. Baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti nzito, na uzito huo ukawa alama ya aina nzima ya muziki wa roki. Ukisikiliza bila kuambiwa, husikii maumivu popote. Yapo kwenye ulegevu wa waya.

Kwenye nyuzi za kitambaa mambo ni hayohayo, isipokuwa ushahidi unabaki mkononi. Mfumaji yeyote anajua kuhusu mkazo: jinsi uzi unavyobanwa kati ya vidole kabla ya kuingia kwenye kishimo kinachofuata. Mkono uliotulia hutoa vishimo sawa kwa sawa. Viungo vikivimba, kishikio hubadilika. Mtu hukaza kupita kiasi kwa sababu hahisi vizuri, au hulegeza kwa sababu kukaza kunauma. Pima upana wa kitambaa kile, utakuta kimesinyaa sentimita kadhaa mahali fulani, kisha kikatanuka. Kwa fundi wa sokoni hiyo ni kasoro na atafumua. Msanii wa aina tunayoizungumzia huiacha. Wengine pia hubadili ufundi wenyewe: fremu ya kudarizia inabanwa mezani ili mkono mmoja upumzike, kulabu ya kroshia inanenepeshwa mpini, na badala ya kutoboa kitambaa mara elfu, uzi mnene unalazwa juu yake na kushikizwa kwa mishono michache. Mtazamaji ataona mistari minene yenye kujipinda na kusifu "mtindo". Mtindo huo ulianzia kwenye kifundo cha mkono.

Jambo la tatu ni maumivu kuwa *kumbukumbu*. Mtu anafuma mstari mmoja kila jioni, na rangi ya uzi inafuata namba aliyoipa siku hiyo katika kipimo cha 0 hadi 10, kipimo kilekile ambacho muuguzi hukuuliza. Baada ya miezi kadhaa ana kitambaa kirefu kinachosomeka. Akitaka sauti, anaipa kila namba noti yake, na kitambaa kinapigwa. Si jambo geni kiufundi. Mitambo ya kufumia ya Jacquard ya mwaka 1804 iliongozwa na kadi zilizotobolewa matundu, na mwishoni mwa karne hiyohiyo kinanda cha maonyesho ya mitaani kilianza kusoma muziki kutoka kwenye makadi ya namna hiyo: tundu moja huinua uzi, jingine hufungulia hewa bomba la sauti. Tayari mwaka 1843 mwanahisabati Mwingereza Ada Lovelace, akiandika kuhusu mashine ya kukokotoa iliyokopa kadi za Jacquard, alidokeza kwamba mashine kama hiyo ingeweza siku moja kutunga muziki.

Udhaifu wa njia hii usifichwe. Saba ya leo si saba ya mwezi ujao. Mtu aliyezoea maumivu husogeza kipimo chake bila kujua. Kwa hiyo kitambaa cha namna hiyo hakikuonyeshi maumivu yalikuwa kiasi gani. Kinakuonyesha mtu aliyajibu nini kila jioni, na kwamba alijibu.

Na ile mashine?

Hakuna chombo kinachopima maumivu. Kinachoweza kupimwa ni vitu vilivyo jirani nayo: mapigo ya moyo, jasho la ngozi, umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ikikaza, mawimbi ya ubongo. Kuvigeuza hivyo kuwa sauti kunawezekana na kuna historia. Mwaka 1965, mtunzi Mmarekani Alvin Lucier aliketi jukwaani na elektrodi kichwani, mawimbi ya ubongo wake yakakuzwa hadi yakatikisa ngoma na ala nyingine za kugonga zilizozunguka ukumbi. Lakini moyo hupiga mbio kwa maumivu na kwa furaha vilevile. Spika haijui tofauti. Anayeamua kwamba mpigo huu utasikika kama ngoma nzito na siyo kama kengele ni msanii, na uamuzi huo ndio utunzi.

Vitambaa vinavyotoa sauti ukivigusa navyo havina uchawi. Ndani yake mna uzi unaopitisha umeme, aghalabu nailoni iliyopakwa fedha au uzi wa chuma cha pua, uliodariziwa pamoja na nyuzi za kawaida. Kidole kikigusa, chaji ya umeme hubadilika kidogo, kompyuta ndogo inalihisi badiliko hilo na kucheza sauti iliyorekodiwa. Ninavyoona mimi hii ndiyo mbinu yenye maana kuliko zote katika uwanja huu, kwa sababu inamlazimu mtazamaji aguse kwa upole. Ukibonyeza kwa nguvu huongezi chochote.

Je, sanaa inaponya?

Hili ndilo swali linalozua maneno mengi, na jibu lake ni la wastani kuliko wanavyotaka watu wa pande zote. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 ya kusikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji. Wagonjwa waliosikiliza waliripoti maumivu na wasiwasi mdogo zaidi na walitumia dawa kidogo za kutuliza. Hata muziki uliopigwa mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi ulionekana kusaidia kiasi. Ukikumbuka lango la mwaka 1965 hutashangaa. Lakini hayo ni maumivu ya upasuaji, yenye tarehe ya kwisha. Kupunguza wasiwasi wa saa chache ni jambo moja. Kuondoa ugonjwa wa viungo ni jingine kabisa. Asiyekunywa dawa zake kwa sababu anadarizi anajidanganya, na anayemshauri hivyo anamdhuru.

Tena sanaa yenyewe huumiza. Wapiga fidla huumwa shingo na mabega, wapiga piano mikono, na anayefuma kwa saa nyingi bila kupumzika hujitafutia vifundo vibovu. Mwenye maumivu sugu akimaliza kitambaa kikubwa mara nyingi amekilipia kwa siku za kulala. Hapo ndipo penye jibu la yule mwenye shaka, anayeuliza "mbona anaweza kufuma?" Anafuma dakika ishirini, anaacha, anarudi kesho. Wewe unaona kitambaa kizima siku moja, huoni alivyokigawa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Uongo mwingine ni kwamba bila maumivu hakuna sanaa kubwa. Mchoraji wa Meksiko Frida Kahlo huletwa kama ushahidi kila mara: basi alilopanda Mexico City mwaka 1925 liligongana na tramu, akavunjika mgongo na nyonga, na maisha yake yote yakawa ya upasuaji na makoti magumu ya plasta, ambayo aliyachora mwilini mwake mwenyewe. Lakini mamilioni wamevunjika mgongo bila kuwa Kahlo. Maumivu hayakumfundisha rangi. Ninachokipenda kwake katika habari hii ya nyuzi si picha hata moja, ni kiatu. Mwaka 1953 alikatwa mguu wa kulia, akapewa wa bandia. Akauvika buti la ngozi nyekundu lenye hariri iliyodariziwa michoro ya Kichina, na vikengele vidogo vikalia alipotembea. Kitu alichopaswa kukificha akakifanya kisikike.

Kwa nini nguo na muziki kwa pamoja?

Wapo wanaodhani kuchanganya fani ni mbwembwe za kutafuta ufadhili. Wakati mwingine ni kweli. Kwa msanii mwenye maumivu sugu, hata hivyo, mara nyingi sababu ni ya kawaida sana. Kitambaa kinavumilia: unakiweka chini katikati ya mstari, unalala siku tatu, ukirudi kinakungoja pale pale ulipoachia. Muziki wa jukwaani hauvumilii. Tiketi zimeuzwa, saa imepangwa, na mwili haukuulizwa. Lakini muziki una kitu ambacho kitambaa hakina: unaingia kwa msikilizaji bila yeye kusogea, na unamshika kwa muda ambao msanii ameuamua. Kitambaa unaweza kukitupia jicho na kupita. Noti ya Smetana huwezi kuipita hadi iishe.

Basi msanii hugawa kazi kulingana na siku zake. Siku nzuri ni za kurekodi sauti, kwa kuwa koo, mgongo na pumzi vinakubali. Siku za wastani ni za sindano. Siku mbaya hakuna kinachofanyika, na mpango mzuri huziwekea nafasi tangu mwanzo. Ukienda kwenye onyesho la namna hii ukakuta vitambaa vimetundikwa, muziki unatoka kwenye spika na msanii mwenyewe hayupo, usidhani amekwepa kazi au mambo yameharibika. Uliza mezani, mara nyingi utaambiwa kwamba onyesho liliundwa liweze kwenda bila yeye, na kwamba akijisikia vizuri atakuja.